Kabla ya Kupeleka Boza la Maji Mbugani

Kila ukame unapokolea, picha za wanyama waliolala kando ya bwawa lililokauka huanza kuzunguka kwenye simu, na watu wenye huruma huulizana: tuchange kiasi gani tuwapelekee maji? Ni swali jema, na anayeliuliza hastahili kujibiwa kwa maneno ya juujuu. Nami kabla sijagusa bei ya boza wala ya pampu, huuliza kwanza: huko mnakopeleka maji, malisho yapo?

Nauliza hivyo kwa sababu ya yaliyotokea Tsavo. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya tembo katika hifadhi hiyo. Makadirio ya wataalamu yanaanzia karibu 6,000. Wengi wao hawakuuawa na kiu. Walikufa njaa karibu na mito na mabwawa ambayo bado yalikuwa na maji. Walioangamia zaidi ni majike na watoto wao, kwa kuwa mtoto wa tembo hawezi kukaa mbali na maji na mama hamwachi mtoto. Wakabaki wakizunguka maji yaleyale hadi vichaka vyote vya jirani vikaisha, huku malisho ya mbali yakibaki bila wa kuyafikia. Madume, wenye uwezo wa kwenda masafa marefu na kurudi kunywa baada ya siku mbili au tatu, walisalimika kwa wingi zaidi.

Nusu karne baadaye hali ilijirudia kwa sura nyingine. Novemba 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba ukame ulikuwa umeua, katika muda wa miezi tisa tu, tembo 205, nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381, nyati 51, na pundamilia wa Grevy 49, ambao wamebaki wachache mno duniani. Itazame orodha hiyo vizuri. Nyumbu, pundamilia na nyati wote ni walaji wa nyasi. Nyasi zikishakwisha, maji peke yake hayawaokoi, ndiyo maana wahifadhi wa Samburu mwaka huo walilazimika kuwapelekea pundamilia wa Grevy marobota ya nyasi kavu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji harambee. Nenda ukatembee. Anzia kwenye maji yaliyopo, bwawa au mto, uelekee nje pamoja na askari wa wanyamapori na mchungaji anayelijua eneo, muangalie kilichobaki ardhini. Mwanzoni mtakuta udongo mtupu uliosagwa na kwato, kisha vichaka vilivyokatwakatwa, na mbele zaidi nyasi zinaanza kuonekana. Kama mmetembea saa mbili na bado ardhi ni tupu, kuongeza maji pale pale ni kuwaita wanyama wengi zaidi waje kufa njaa pamoja. Wachungaji wasikilizwe hasa. Wao huamua kila siku umbali gani mifugo inaweza kwenda kati ya maji na majani bila kuanguka njiani, na hesabu ya pundamilia haitofautiani sana na ya ng'ombe wao.

Mtu atasema: basi tuyapeleke maji kule nyasi zilikobaki. Wakati mwingine hilo ndilo jibu sahihi, lakini lifanywe kwa tahadhari kubwa, kwa sababu mara nyingi nyasi zimebaki pale kwa kuwa hapana maji. Kuna wanyama wanaoishi kwa ukavu huo. Choroa, swala twiga na dikidiki wanaweza kukaa muda mrefu bila kunywa, wakijipatia unyevu kwenye majani wanayokula alfajiri. Ukiweka maji katika eneo lao, unawafungulia mlango pundamilia, nyumbu na nyati, ambao lazima wanywe kila siku au baada ya siku moja, na nyuma yao watakuja simba.

Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ilipata somo hilo kwa uchungu. Kuanzia miaka ya 1930 ilichimba visima zaidi ya 300, kwa nia njema kabisa, hadi karibu kila pembe ikawa na maji mwaka mzima. Upande wa kaskazini wenye ukavu ulikuwa makao ya korongo, yule swala mkubwa adimu anayependa nyasi ndefu na mahali pasipo na msongamano. Maji yakaleta pundamilia na nyumbu, hao wakaleta simba, nyasi ndefu zikaliwa, na ukame ukamalizia. Korongo wa eneo hilo walishuka kutoka takriban 450 mwaka 1986 hadi kama 45 mwaka 1993. Hifadhi ikaanza kuvifunga visima ilivyovichimba.

Hwange nchini Zimbabwe imeendelea na njia ya pampu kwa karibu karne nzima, kwa kuwa haina mto wa kudumu. Idadi ya tembo imepanda kutoka mamia hadi makumi ya maelfu. Lakini mwaka 2019 mvua zilipokosekana, tembo zaidi ya 200 walikufa Zimbabwe, wengi wao Hwange, na pampu zilikuwepo. Sisemi pampu zizimwe, maana wanyama wale sasa hawana pengine pa kwenda. Ninachosema ni kwamba aliyeanza kuwapa wanyama maji ya kudumu amejifunga kuwapa kila mwaka, hata mwaka ambao mfadhili amechoka na mafuta yamepanda bei.

Tuseme sasa umetembea, umeona malisho yapo, na wenye mamlaka wameafiki. Hao wenye mamlaka usiwaruke. Kenya ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS; Tanzania ni TANAPA ndani ya hifadhi za taifa na TAWA kwenye mapori ya akiba, na kama ni ardhi ya vijiji vilivyoungana kuhifadhi, ni jumuiya yao. Kuchimba kisima kunahitaji kibali cha mamlaka ya maji pia, na Tanzania hiyo ni bodi ya maji ya bonde husika. Vibali hivi vinachosha, lakini ndivyo vinavyozuia kisima chako kukausha cha kijiji jirani.

Kisha piga hesabu. Tembo mzima hunywa kati ya lita 100 na 200 kwa siku. Boza la lita 10,000 linatosheleza tembo kama 65, siku moja. Nyati mmoja anaweza kumaliza lita 30 na zaidi, hivyo kundi la nyati 200 litamaliza zaidi ya nusu ya boza hilohilo asubuhi moja. Na hapo hujahesabu yanayonyonywa na udongo na jua. Mwaka 2016 Patrick Kilonzo Mwalua, mkulima wa upande wa Taita-Taveta, alianza kukodi lori na kupeleka maji Tsavo Magharibi, lita zaidi ya 10,000 kwa safari, akiyamimina kwenye vidimbwi vilivyokauka. Namheshimu sana mtu yule, kwani aliona wanyama wanateseka akaondoka nyumbani kwake akafanya kitu, na watu wa nchi nyingi wakaguswa wakamsaidia. Anayetaka kufuata nyayo zake na ajue tu kwamba boza ni dawa ya dharura: la kuvusha wiki chache wakati pampu inatengenezwa, au kuwafikisha wanyama wachache waliokwama hadi mvua. Kabla ya safari ya kwanza hakikisha una fedha za safari ya mwisho. Ukimwaga maji mahali mara mbili tatu, wanyama huacha kutafuta kwingine na kukusubiri wewe, na usipofika watakuwa wamepoteza nguvu ambazo zingewafikisha mtoni.

Ukimwaga kwenye kidimbwi cha udongo mkavu, sehemu kubwa itanywewa na ardhi kabla mnyama hajafika. Mimina kwenye chombo au shimo lililosakafiwa kwa saruji. Jua nalo ni mnywaji mkubwa. Katika nyika kama Tsavo maji yaliyo wazi hupungua milimita tano hadi sita kwa siku wakati wa kiangazi. Bwawa lenye uso wa mita za mraba 1,000 linapoteza hivyo lita 5,000 au 6,000 kila siku, nusu ya boza, bila midomo ya wanyama kulifikia. Weka akiba kwenye tangi lililofunikwa, na mahali pa kunywea pawe padogo panapojazwa mara kwa mara.

Hapo ndipo ujenzi unapohitaji akili, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu nimeona mabirika mengi mazuri ya ng'ombe yakigeuka kaburi la wanyama wadogo. Birika lenye kuta nne zilizonyooka humzamisha kanga, kobe, kicheche na bundi anayekuja usiku. Wakishateleza ndani hawana pa kushika, wanaoza humo, na maji yanaharibika kwa wote. Upande mmoja lazima ushuke taratibu kama ufuo, wenye sakafu iliyokwaruzwa isiteleze, ili mdogo aingie na kutoka kwa miguu yake. Kina kisizidi kile kinachotosha mkonga. Umbo la sahani pana linafaa kuliko la sanduku, kwani wanyama wengi wanaweza kulizunguka kwa wakati mmoja bila dume mmoja mkorofi kuwazuia wote. Bora zaidi ni kuwa na sehemu mbili zilizoachana kwa umbali wa kutosha, ili tembo wakitawala moja, swala wapate nyingine.

Kando ya maji mwaga kokoto na mawe madogo yaliyoshindiliwa. Tope ni adui asiyefikiriwa. Desemba 2021, katika hifadhi ya jamii ya Sabuli, kaunti ya Wajir, twiga sita waliodhoofika kwa njaa na kiu walikwama kwenye tope la bwawa lililokuwa likikauka, wakafa hapo hapo. Mnyama mwenye nguvu angejinasua, aliyekonda hawezi. Kama una bwawa la udongo linaloelekea kukauka, zungushia miiba ile sehemu ya tope zito na uwape njia ngumu ya kufikia maji yaliyobaki.

Bomba lizikwe kwa kina cha mita moja hivi, na lisitokeze popote. Tembo hunusa maji na huyapenda yaliyo safi zaidi, hivyo atakwenda moja kwa moja pale yanapoingilia. Ile koki ya boya, inayojifunga birika likijaa, ijengewe chumba cha zege chenye mfuniko mzito, la sivyo itang'olewa wiki ya kwanza. Paneli za sola ziwe juu ya nguzo za chuma, mbali na birika. Na fundi wa karibu awe ameonyeshwa namna ya kufungua pampu na kubadilisha vipuri tangu siku ya kuifunga. Visima vingi vilivyokufa nyikani havikukaukiwa. Kilikufa kifaa kidogo, na mwenye ujuzi alikuwa Nairobi au Arusha.

Kabla ya kumkabidhi mnyama maji ya kisima kipya, yapimwe. Sehemu nyingi za nyika yetu zina maji ya chumvi kali, na kwenye Bonde la Ufa kuna madini ya floraidi kwa wingi. Usafi udumishwe baadaye pia. Maji ya vuguvugu yaliyotuama na kugeuka kijani yanaweza kuua. Mwaka 2020 tembo zaidi ya 300 walikufa kaskazini mwa Botswana, na serikali ya nchi hiyo ikaeleza kuwa chanzo kilikuwa sumu ya sianobakteria, vijidudu vinavyostawi kwenye maji ya aina hiyo. Birika likaushwe na kusuguliwa, na ukikuta mzoga karibu na maji, usiuguse wala kuupasua. Kimeta hujitokeza zaidi wakati wa ukavu, wanyama wanapobana na kula hadi kwenye udongo. Mwaka 2017 kiliua viboko zaidi ya 100 katika hifadhi ya Bwabwata, Namibia. Zuia watu na mbwa, ita daktari wa mifugo.

Ng'ombe na wanyamapori wasishiriki birika moja. Najua wengi hupenda mradi mmoja wa kuhudumia wote, unasikika wa haki na wa gharama nafuu. Lakini magonjwa huvuka hapo kwenda pande zote mbili, na simba akishajifunza kwamba ng'ombe huja kunywa jioni, kesho yake kuna mchungaji analia na keshokutwa kuna mzoga uliotiwa sumu. Maji ya wanyama yawe ndani, mbali na mpaka, mbali na shule, mbali na njia wanayopita akina mama na madumu. Yasiwekwe pia katikati ya ushoroba unaoelekea mashambani, kwani tembo waliokusanyika saa kumi jioni wataendelea na safari hadi kwenye mahindi. Mahali pa maji ni mahali pa kuvizia vilevile. Mwaka 2013 majangili wa Hwange walitumia sianidi kwenye chumvi na vidimbwi wakaua tembo wengi. Kama hakuna doria, usifungue.

Na wewe unayeishi jirani na hifadhi, ambaye tembo amekwisha kukuvunjia tangi? Jimbo la Kunene, Namibia, wana njia ninayoipenda kwa sababu inamheshimu mwanakijiji na mnyama. Huzungushia tangi na pampu ukuta mnene wa mawe, kisha nje, umbali kidogo, hujenga birika la tembo linalojazwa wakati wote. Tembo hana sababu ya kubomoa kile ambacho ameshakipata. Gharama ya maji anayokunywa nadhani isibebwe na kijiji peke yake. Hoteli na kambi za watalii zinazoishi kwa tembo huyo zichangie, na hilo liandikwe kwenye makubaliano.

Asiyekuwa na hifadhi jirani naye ana la kufanya, na nisingependa lidharauliwe. Nyuki huhitaji maji kupoza mzinga, na kiangazi kikizidi huhama. Kule Sagalla, Taita-Taveta, ambako wakulima hutundika mizinga kwenye uzio ili kuzuia tembo, mzinga uliohamwa ni pengo kwenye ulinzi wa shamba. Beseni la kina kifupi lililojaa kokoto, maji yakifika usawa wa mawe ili nyuki asimame bila kuzama, linatosha. Kwa ndege wa mjini weka sahani ya udongo kivulini, kina cha vidole viwili, jiwe katikati, karibu na kichaka lakini si ndani yake, paka asipate pa kujificha. Isugue na kubadilisha maji kila siku, mbu wasipate nafasi.

Kama kikundi chenu kina fedha za kujenga kitu kimoja tu, ningewashauri mfikirie bwawa la mchanga kabla ya kisima. Watu wa Kitui, Makueni na Machakos wanalijua. Ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu pale penye mwamba chini. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani yake, kiasi cha robo hadi theluthi ya ujazo wote, jua lisiweze kuyafikia. Halina pampu wala paneli. Tembo huchimba kwa miguu na mkonga kama walivyofanya siku zote kwenye mito ya mchanga, na wakishaondoka, ndege, ngiri na nyani hunywa kwenye mashimo yao. Linapungua kadiri kiangazi kinavyosonga, jambo ambalo kwangu ni faida: wanyama wanalazimika kuhama kwa wakati wake, na majani yanapumzika. Litakosa maana tu kama mwamba hauko au mto unaleta matope badala ya mchanga, kwa hiyo mhandisi atangulie.

Visima navyo vipewe mapumziko hayo. Mvua za kwanza zikishajaza vidimbwi vya asili, pampu izimwe na birika likaushwe, hata kama watalii wanapenda kupiga picha pale. Kwenye kitabu cha mradi iandikwe kabisa ni dalili gani itafungua maji na ni dalili gani itayafunga, na nani ataamua.

Lakini lita nyingi zaidi ambazo mwanadamu anaweza kumpa mnyama ni zile ambazo hakuzichukua mtoni. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na viboko, mamba na samaki hubanana kwenye madimbwi yanayonuka. Sababu kubwa iko juu, kwenye bonde la Usangu, ambako maji ya mashamba ya mpunga huendelea kuingia mifereji hata baada ya mavuno, na ardhi oevu ya Ihefu, inayoulisha mto, hupungukiwa. Hakuna boza litakaloziba pengo la mto. Mkulima wa Usangu si mkosaji kwa kulima, mchele wake tunaula sote. Anachohitaji ni mfereji uliosakafiwa usiovuja, mlango wa mfereji unaofungika sawasawa, na zamu inayoheshimiwa. Michango yetu ya kiangazi ingeweza kwenda huko. Jumuiya za watumia maji zina mikutano, Tanzania na Kenya pia, na mwanakijiji anaweza kuhudhuria. Nenda kabla mto haujashuka, uulize mlango wa mfereji utafungwa tarehe gani, na ufunguo atakaa nao nani.